Geuza Picha, Andika



Tafuta picha moja uliyo nayo nyumbani. Huenda imo sandukuni, ndani ya bahasha pamoja na vyeti. Huenda imetundikwa ukutani, juu ya kiti cha mzee. Huenda imo ndani ya simu. Iweke mbele yako kabla hujaendelea kusoma. Kama huna picha, si kitu. Soma hivyo hivyo, maana iko siku utapigwa, au utampiga mwenzako.

Somo hili nimeliandika kwanza kwa ajili ya walimu wa madarasa ya kisomo. Lakini hata wewe mwanakisomo litakufaa. Picha za nyumbani kwako hupotea kwa njia ile ile zinavyopotea picha za mwalimu: karatasi ipo, lakini watu waliomo ndani yake wametoweka.

Picha ya babu

Babu yangu alikuwa mwalimu wa kisomo wa kujitolea katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Mwanza. Alianza kufundisha baada ya mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alikuwa mkulima wa pamba kama wenzake. Yeye mwenyewe alisoma mpaka darasa la nne tu, na hayo aliyoyapata ndiyo aliyowagawia wengine.

Alituachia picha moja ya darasa lake. Ni picha nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja. Watu kumi na saba wamekaa na kusimama chini ya mwembe. Katikati yao, juu ya kigoda, ipo redio. Kwa sababu ya redio hiyo tunajua kuwa picha ilipigwa mwaka 1973. Mwaka huo ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana jinsi ya kujikinga na malaria, kichocho, kuhara na maradhi mengine. Baada ya kujadiliana walichimba vyoo. Kikundi cha babu kilikuwa kimoja kati ya hivyo.

Mwaka 2016 alifika mgeni nyumbani kwetu. Alitoka wilaya nyingine. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Alimsalimu mama, "Shikamoo mama," akakaribishwa, akapewa maji. Kisha akaeleza haja yake. Mama yake alifariki mwaka 1974, yeye akiwa mtoto wa kunyonya. Hakuwa na picha yake hata moja. Hakuijua sura yake. Shangazi yake alimwambia kabla ya kufa kwamba mama yake alisoma kisomo kwa babu yetu, na siku alipokuja mpiga picha alikuwapo.

Mama aliingia chumbani akaitoa ile picha. Mgeni aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaitazama tena. Ndani ya picha wamo wanawake sita. Wawili tuliwajua. Mmoja ni bibi yetu, na mwingine ni jirani ambaye wanawe tungali tunaishi nao. Wanne hatukuwajua.

Mgeni aliuliza, "Ni yupi?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Babu alikwisha kufa siku nyingi. Bibi, ambaye angemwonyesha kwa kidole mara moja, alifariki mwaka 2014. Tulichelewa kwa miaka miwili tu.

Tukaigeuza picha. Nyuma yake babu alikuwa ameandika neno moja, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu: Kumbukumbu.

Mgeni aliipiga ile picha kwa simu yake, akashukuru, akaondoka na wanawake wanne. Mmoja wao ni mama yake.

Nimefikiri mara nyingi kwa nini babu hakuandika majina. Hakuwa mvivu wa kuandika. Kuandika ndiyo ilikuwa kazi yake kila jioni. Nadhani hakuyaandika kwa sababu aliyajua. Watu wale aliwaona kila siku kisimani na shambani. Nani huandika jina la mtu anayekutana naye kisimani? Lakini mwaka uliofuata, 1974, watu wa kijiji kile walihamishwa kwenda kijiji kipya, kama ilivyokuwa mahali pengi katika miaka ya Operesheni Vijiji. Wengine walikwenda upande huu, wengine upande ule. Mahali pale penye mwembe sasa ni shamba la mihogo. Kile ambacho kila mtu alikijua kilibaki kwa wachache, halafu kwa mmoja, halafu hakuna.

Picha ya darasa langu

Sasa nitakueleza juu ya picha nyingine, ambayo ni yangu mwenyewe. Hii hainipi huzuni kama ile ya babu. Inanipa aibu, na aibu hiyo ilinifundisha kazi kuliko cheti changu.

Mwaka 2017 nilikuwa nasimamia madarasa ya kisomo katika kata moja kando ya Ziwa Victoria. Darasa moja nililifundisha mwenyewe, maana mwalimu wake wa kujitolea alikuwa amehama. Tulikutana Jumanne na Alhamisi, saa 10 jioni, katika chumba cha shule ya msingi watoto wakishaondoka. Daftari la mahudhurio lilikuwa na majina 23.

Siku moja mwenzangu alinipiga picha nikifundisha. Niliipenda sana. Nimevaa shati jeupe, nimenyoosha mkono ubaoni, na wanakisomo wananitazama. Nilikwenda mjini nikaisafishisha, nakala mbili. Ya kwanza niliibandika katika ripoti, na chini yake nikaandika: Wanakisomo wakifuatilia somo kwa makini. Ya pili niliiweka nyumbani, mezani.

Jirani yangu alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuja kuazima jembe, akaiona.

"Hawa ni akina nani, mwanangu?"

"Ni wanakisomo wangu, mzee."

"Hilo naliona. Nakuuliza majina yao."

Nikaanza kumtajia. Akanikatiza. "Usinitajie mimi. Igeuze uandike."

Alipoondoka nilichukua penseli. Katika picha wapo watu kumi na tisa. Wale kumi na wawili waliokaa mbele niliwaandika haraka. Nilijua majina yao, kazi zao, na hata nani kati yao anachanganya herufi r na l. Kisha nikafika kwa wale waliokaa nyuma karibu na mlango. Nao ni wanawake saba. Wawili niliwajua kwa majina ya watoto wao, yaani Mama Fulani na Mama Fulani. Watano sikuwajua kabisa. Nilikuwa nimewafundisha kwa miezi minne.

Majina yao yalikuwamo katika daftari langu, tena yameandikwa vizuri. Ila sikujua jina lipi ni la uso upi.

Penseli ilipokwama ndipo nilipoanza kuitazama ile picha kwa kweli. Niliona bega langu. Nimewageukia watu wa mbele, na wale wa mlangoni nimewapa kisogo. Niliona vitabu. Mbele kila mtu anacho chake, nyuma kitabu kimoja kimeshikwa na watu watatu. Niliona kwamba mmoja wa wale wanawake hatazami ubao wala hanitazami mimi. Anatazama nje, juu, kama mtu anayesoma saa angani. Halafu nikasoma maneno niliyoyaandika ubaoni siku ile: nyuki, mzinga, asali. Msomaji, katika kijiji kile hapakuwa na mzinga hata mmoja. Watu wake huishi kwa dagaa. Mimi nilifuata ukurasa wa kitabu.

Nilifungua daftari la mahudhurio. Penye nafasi ya maelezo, mbele ya majina kadhaa ya wanawake, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: Hutoroka kabla ya mwisho wa somo.

Alhamisi iliyofuata niliwahi darasani nikakaa kule mlangoni. Yule aliyetazama juu alipofika, nilimwamkia, kisha nikamwuliza, "Samahani mama, mbona nyinyi hupenda kukaa hapa mlangoni?"

Alicheka kidogo. "Mwalimu, dagaa wetu wako juani. Wingu likitanda, tunakimbia kuanua. Wakinyeshewa hawaliki tena, watanunuliwa kwa bei ya chakula cha kuku."

Kumbe hawakuwa watoro. Walikuwa wakisoma jicho moja likiwa ubaoni na jicho jingine likiwa kwenye mali yao. Na hiyo nafasi ya mlangoni, ambayo mimi niliiona ni ya wavivu, ndiyo iliyowawezesha kuja darasani.

Tulijadiliana darasa zima, tukahamia chini ya mti karibu na mwalo, mahali ambapo kila mtu aliziona chanja zake. Ubao tuliuegemeza kwenye mtumbwi mbovu. Maneno ya somo yakawa dagaa, jua, mvua, debe. Hesabu ikawa ya madebe na bei zake. Siwezi kusema kuwa kila kitu kilikwenda vizuri. Upepo wa ziwa ulifuta chaki, na wanaume wawili walikataa kuja mwaloni, wakisema kule si shule. Kati ya wale wanawake saba, wawili walikuwa wamekwisha kuacha kisomo kabla sijauliza lolote. Mmoja alirudi. Mwingine alikuwa amehama na mumewe kwenda kisiwa kingine. Niliwauliza wenzake jina lake la kweli. Walimjua kama Mama Fulani tu, na huyo mtoto alikuwa na majina mawili.

Ile picha ninayo hadi leo. Nyuma yake namba 19 haina jina.

Unachokiona na unachokidhani

Kuna jambo moja gumu katika kazi hii, nalo nataka tulikalie kidogo. Ukitazama picha, akili hukimbilia kudhani. Mwandishi asiye mwangalifu huandika alichokidhani akafikiri ameandika alichokiona.

Mfano ni huu. Katika picha ile ile, safu ya mbele, yupo mzee amefumba macho. Nyuma ya picha niliandika: Huyu anasinzia. Baadaye nilijiuliza: je, nimeona usingizi? Hapana. Nilichoona ni macho yaliyofumbwa tu. Usingizi niliuongeza mimi. Nikafuta, nikaandika: Amefumba macho. Kwa nini? Ile alama ya kuuliza ndiyo iliyonipeleka kwake. Aliniambia kwamba akitazama kitabu kwa muda macho humwuma na herufi huchanganyika, kwa hiyo huyafumba na kusikiliza wenzake wanavyosoma. Watu wengi wakishapita miaka 40 huanza kushindwa kuona vizuri herufi za karibu. Si ugonjwa wa akili wala si uzito wa kichwa, na mara nyingi miwani ya kusomea hutosha. Mzee yule nilimshauri aende kupimwa macho. Nilikuwa karibu kumwandika katika ripoti kuwa hana bidii.

Kwa hiyo, msomaji, andika kwanza kile ambacho mtu mwingine akiishika picha naye atakiona: nani amekaa wapi, ameshika nini, anatazama wapi, ubaoni pana nini. Acha nafasi. Chini yake ndipo uandike unachodhani, ukiweka alama ya kuuliza. Kisha nenda ukamwulize mhusika, na jibu lake uliandike pia. Usifute dhana yako ya kwanza hata kama ilikuwa mbaya. (Mimi niliifuta ile ya usingizi, na leo najuta, maana ndiyo iliyokuwa na funzo.)

Jiulize vilevile mambo mawili ambayo picha haiyaonyeshi. La kwanza ni mpiga picha. Alisimama wapi, na kwa nini alisimama hapo? Picha yangu ilipigwa kutoka upande wa kulia wa mbele, kwa sababu mwenzangu alitaka mimi nionekane vizuri. La pili ni wale wasiokuwamo. Daftari langu lilikuwa na watu 23 na picha ina watu 19. Wale wanne siku hiyo walikuwa wapi?

Mwalimu akizoea kufanya hivi kwa picha moja kila mwezi, baada ya mwaka anazo picha kumi na mbili zinazomwambia ukweli. Huhitaji zaidi. Mwenye picha mia mbili zisizoandikwa nyuma hana hata moja.

Kwa nini nasema zinamwambia ukweli? Kwa sababu maneno tunayoyaweka chini ya picha katika ripoti huwa ni ya kumpendeza mkubwa. Silaumu, nami huandika hivyo. Hata hesabu za taifa zina faida yake na upungufu wake. Kwa hesabu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 39 wakati wa mtihani wa kisomo wa mwaka 1975, wakapungua hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Ilikuwa kazi kubwa sana, na babu yangu alikuwamo. Lakini hesabu haiwezi kukuambia kwamba mama fulani anakaa mlangoni kwa sababu ya dagaa. Nyuma ya picha panaweza. Hapo hapana mkubwa anayesoma. Unaandika mwenyewe, unasoma mwenyewe.

Picha darasani si jambo geni

Ukifungua vitabu vingi vya kisomo utakuta picha kabla ya neno. Wanakisomo hutazama, hujadili, ndipo herufi huja. Njia hiyo ilipewa nguvu sana na mwalimu mmoja wa Brazili aitwaye Paulo Freire (1921–1997). Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Angicos, aliongoza mpango wa kuwafundisha kusoma watu wapatao 300, wengi wao vibarua na watu maskini. Wafundishaji waliwaonyesha michoro ya maisha yao wenyewe. Watu walipoitazama kazi yao ikiwa mbele yao kwenye picha, walianza kuuliza maswali ambayo hawakuwahi kuyauliza wakiwa wameinama shambani. Mwaka 1964 jeshi lilitwaa serikali ya Brazili, Freire akafungwa, kisha akaishi uhamishoni miaka mingi. Katika miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam, na walimu wa elimu ya watu wazima wa Tanzania walizungumza naye.

Freire aliwataka wanakisomo wayatazame maisha yao kwenye picha. Mimi nakuomba wewe mwalimu ujitazame nawe, ukiwa umo ndani ya picha pamoja nao.

Namna ya kuandika

Tumia penseli laini. Kalamu ya wino huacha alama kwenye picha nyingine inayowekwa juu yake, na baada ya miaka wino wake huweza kupenya. Weka picha kifudifudi juu ya kitu kigumu na safi, kama kioo au meza isiyo na mikwaruzo. Andika pembeni, polepole, bila kukandamiza. Ukikandamiza nyuma ya uso wa mtu, utaona mfereji kwenye uso wake ukiigeuza.

Picha nyingi za siku hizi zina mgongo wa plastiki na penseli haishiki. Basi andika kwenye kipande cha karatasi, utie karatasi na picha katika bahasha moja. Usibandike kwa gundi, usibane kwa pini wala stepla. Bahasha iwe mahali pakavu pasipopigwa na jua, mbali na mchwa na mende. Mende hupenda kula ule utando wa picha za zamani.

Kama watu ni wengi, chukua karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, iweke juu ya picha, na uchore vichwa kama miviringo. Kila kichwa kipe namba. Kisha andika majina kwa namba. Njia hii inazuia ugomvi wa "wa tatu kutoka kushoto", maana watoto waliochuchumaa mbele huvuruga hesabu.

Tarehe iandikwe kamili, pamoja na mwaka. Usiandike "mwaka jana" wala "siku ya sikukuu". Mahali napo paandikwe kwa jina la sasa na jina la zamani kama yapo mawili. Umeona yaliyotukuta sisi na ule mwembe.

Juu ya majina nitasema zaidi. Wanawake wengi vijijini huitwa kwa jina la mtoto, na katika daftari huandikwa kwa jina la mume. Andika hayo, lakini mwulize pia jina alilopewa na wazazi wake. Wapo akina mama niliowauliza swali hilo wakanyamaza kwanza, maana hawakuwa wameulizwa kwa miaka mingi. Kama mtu ana jina la dini na jina la nyumbani, andika yote mawili. Yule atakayekuja kumtafuta baada ya miaka arobaini hatujui atakuja na jina lipi mdomoni.

Kwa picha za simu, nunua daftari. Andika tarehe ya picha, mahali, majina na maelezo kama nilivyoeleza. Simu huanguka majini, huibwa, huharibika. Zile unazozithamini zaidi, zisafishe upate karatasi.

Mwanakisomo aandike mwenyewe

Jambo zuri kuliko yote ni kumpa kila mtu aliyemo kwenye picha aandike jina lake mwenyewe. Jina ndilo neno la kwanza ambalo wanakisomo wengi hutaka kulijua. Zungusha picha na penseli. Atakayeandika kwa herufi zilizopinda, mwache. Mwandiko wake ni sehemu ya kumbukumbu kama uso wake. Katika darasa letu la mwaloni tulifanya hivyo mwisho wa mwaka. Mama mmoja aliandika jina lake, akaigeuza picha akajitazama, akaigeuza tena kusoma jina, akarudia hivyo mara tatu au nne. Wenzake walimwambia apitishe penseli, giza linaingia.

Lakini omba ruhusa. Mwambie mtu picha itakaa wapi na nani ataiona. Wapo wasiopenda kujulikana kuwa wanasoma utu uzimani, na hilo ni lao. Usimpelekee mtu picha ya mwingine kwa simu bila kumwuliza, na picha za watoto ziwe na ruhusa ya wazazi. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inagusa picha na majina. Yale unayoyaandika juu ya makosa yako mwenyewe ni mali yako. Yale yanayohusu aibu ya mwanakisomo, kama ugonjwa au ugomvi wa nyumbani, usiyaandike nyuma ya picha ambayo siku moja itazungushwa darasani. Ndiyo maana katika somo hili sikutaja jina la mtu yeyote wa darasa langu.

Kazi ya kufanya

Kila mmoja alete darasani picha moja kutoka nyumbani, au aioneshe kwenye simu. Wawili wawili, mwulizane maswali haya: Hawa ni akina nani? Picha ilipigwa mwaka gani, na mahali gani? Nani alikuwapo siku hiyo lakini haonekani? Andikeni majibu kwenye karatasi, kisha myahamishe nyuma ya picha kwa penseli.

Kwa mwalimu: chukua picha ya darasa lako bila kufungua daftari la mahudhurio. Andika majina. Ukikwama, weka namba na uache nafasi. Somo lijalo anza kwa kukaa karibu na huyo ambaye nafasi yake iko wazi.

Nyumbani: kama katika picha yako yupo mtu usiyemjua, na bado yuko mzee anayeweza kumtambua, nenda kwake wiki hii. Chukua penseli.